Mtoto yuko hosteli ya chuo: ushauri nasaha wa afya ya akili na nafasi ya mzazi

Mtoto anapopata nafasi ya chuo kikuu, nyumba nzima hufurahi. Ndugu huchangishana nauli, godoro, ndoo na fedha ya kuanzia, kisha anapandishwa basi. Kuanzia siku hiyo mama hubaki na simu tu. Kila wiki husikia maneno yaleyale: "Shikamoo mama. Mimi mzima, naendelea vizuri." Kwa vijana wengi ni kweli. Lakini wapo ambao hawalali, hawali, wameacha kuingia darasani, na bado wakipiga simu nyumbani husema hivyohivyo.

Makala haya ni kwa mama, baba, bibi, shangazi na mlezi yeyote mwenye kijana anayeishi hosteli. Tunaeleza dalili za kuangalia, ushauri nasaha unavyofanyika chuoni, kwa nini hutaambiwa yote, na la kufanya mambo yakiwa mabaya. Mifano yetu ni ya vyuo vya Tanzania.

Jambo tunalotaka ulishike tangu mwanzo ni hili: vyuo vikuu vingi vina huduma ya ushauri nasaha, na mara nyingi mwanafunzi haitozwi chochote. Kinachowazuia vijana wengi kuitumia ni hofu ya kitakachotokea nyumbani ukweli ukijulikana. Hofu hiyo mzazi anaweza kuipunguza, hata akiwa mbali kilomita elfu moja.

Kwa nini umri huu, na kwa nini hosteli

Sehemu kubwa ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajafikisha miaka 25. Sonona, wasiwasi uliopitiliza, baipola, na magonjwa yanayomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, mara nyingi hujitokeza kwa mara ya kwanza katika miaka ambayo kijana yuko chuoni. Kwa hiyo mtoto akiugua huko, usiharakishe kusema chuo kimemharibu, au amelogwa, au wewe ulimlea vibaya. Mambo yanayochangia ni mengi: kurithi katika ukoo, msiba, ukatili aliopitia utotoni, pombe na bangi, kukosa usingizi, kuvunjika kwa mahusiano, na ukata.

Hosteli nayo ina mambo yake. Kijana aliyesoma sekondari ya bweni alikuwa na watu wa kumwangalia. Kengele ilimwamsha, matroni au patroni alikagua bweni, mwalimu aliita majina. Chuoni hakuna anayeita majina namna ile. Darasa moja linaweza kuwa na mamia ya wanafunzi, na mmoja asipoonekana kwa wiki mbili si rahisi mhadhiri kujua. Anaweza kulala kutwa nzima na asije mtu kugonga mlango.

Wakati huohuo hana faragha. Chumba kina watu wanne, sita au zaidi, na pengine kuna wa kubebana, yaani mwenzao aliyekosa nafasi ya hosteli anayelala kitanda kimoja na rafiki yake. Hakuna pa kulia, wala pa kumpigia mama bila kusikiwa. Anayekujibu "niko poa" huenda ana watu watano wanaomsikiliza.

Kisha kuna fedha. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupata posho ya chakula na malazi, ambayo kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Posho hiyo huja kwa mkupuo, na wanafunzi huiita "bumu". Wapo wanaotuma sehemu yake nyumbani ili wadogo zao wasome. Bumu likikaribia kwisha, wengine hubaki na mlo mmoja kwa siku. Asiye na mkopo hutegemea kinachotumwa, na mara nyingi huona haya kusema kimekwisha. Njaa, deni na kukosa usingizi havimwachi mtu na akili tulivu.

Nyakati za mwaka za kuwa macho zaidi

Huwezi kupiga simu kila saa, na hata ukifanya hivyo utamchosha. Ni afadhali kujua nyakati ambazo mzigo huwa mzito:

- Wiki za kwanza za mwaka wa kwanza. Upweke, lugha ya kufundishia, na kugundua kwamba aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao sasa ni wa kawaida.
- Wiki za mwisho kabla ya bumu. Hapa ndipo njaa na madeni huuma.
- Kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula. Usiku wa kukesha, na wengine hutumia vitu vya kuwazuia wasilale.
- Matokeo yanapotoka. Kuna wanaopata sapu, yaani mtihani wa marudio. Kuna wanaodisko, yaani wanaondolewa chuoni kwa sababu ya alama.
- Mwaka wa mwisho. Utafiti haujaisha, na nyumbani wameshaanza kuuliza ajira.
- Baada ya msiba au kuvunjika kwa uchumba. Hasa kama hakuweza kurudi nyumbani kuzika.

Andika nyakati hizi kwenye kalenda. Simu moja ya utulivu wakati huo ina faida kuliko simu ishirini za haraka.

Ni uchovu wa kawaida au ni ugonjwa?

Kila mwanafunzi huchoka, hukasirika na huogopa mtihani. Hali hiyo hupungua mtihani ukipita, au akishalala na kula vizuri. Wataalamu huanza kufikiria sonona pale mtu anapokuwa na huzuni, au anapokosa raha katika vitu alivyovipenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na hali hiyo ikaharibu masomo, usingizi, chakula au uhusiano wake na watu.

Kwa kuwa humwoni, itabidi usikilize. Angalia kama:

- amebadilika sauti na maneno: anajibu kwa ufupi, anachelewa kujibu, hacheki tena
- anapokea simu saa za darasani akiwa amelala, au anatuma ujumbe saa nane na saa tisa za usiku
- analalamika kichwa, tumbo, moyo kwenda mbio au kuishiwa nguvu, na hospitali hawaoni ugonjwa
- anaomba fedha mara kwa mara na maelezo hayaeleweki, au ameacha kabisa kuomba hata pale unapojua hana
- hataki kuja likizo, au akija anajifungia
- hataki kabisa kuzungumzia masomo, hata kukutajia tarehe ya mtihani
- anasema maneno kama "mimi ni mzigo kwenu", "bora nisingekuwepo" au "mtapumzika".

Kwa wavulana, sonona mara nyingi huja ikiwa imevaa sura nyingine: hasira, ulevi, kamari za mpira, ugomvi. Mama akiona hayo huona utovu wa nidhamu tu. Inawezekana ni utovu wa nidhamu kweli, lakini uliza kwanza.

Kuna dalili ambazo hazihitaji kusubiri wiki mbili: kusikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, kuamini kwamba watu wote wanamfuatilia, kukaa siku kadhaa bila kulala huku akiwa na nguvu nyingi na mipango mikubwa isiyo ya kawaida, au kusema maneno yasiyoshikana. Huyo anahitaji daktari ndani ya siku hizohizo. Familia nyingi huanza kwa mganga au maombezi na kupoteza miezi. Kama imani yenu ni kuomba, ombeni, na hospitali aende. Magonjwa haya yakitibiwa mapema, kijana ana nafasi nzuri zaidi ya kurudi kwenye maisha yake.

Ushauri nasaha chuoni ni nini hasa

Mzazi wengi akisikia "ameitwa ushauri nasaha" hufikiri mtoto amefanya kosa na anaonywa. Ushauri nasaha ni mazungumzo ya siri kati ya mwanafunzi na mtu aliyesomea kazi hiyo, yaani mnasihi au mwanasaikolojia. Kazi yake ni kumsaidia mwanafunzi aone tatizo lake vizuri na kupata njia ya kulikabili.

Huduma hii kwa kawaida huwa chini ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambayo ndiyo hushughulikia pia hosteli na ustawi wao. Vyuo vingine huiweka kwenye zahanati au hospitali ya chuo. Mwanafunzi anaweza kwenda mwenyewe, au kupelekwa na rafiki, mlezi wa hosteli, mhadhiri au kiongozi wa serikali ya wanafunzi.

Mara ya kwanza, mnasihi humweleza kijana kuhusu siri na mipaka yake. Humuuliza kilichomleta, anavyolala, anavyokula, masomo yanaendaje, nani yuko karibu naye, na kama amewahi kufikiria kujidhuru. Hakuna kulazimishwa kusema yote siku hiyo. Kikao huchukua takriban saa moja au pungufu. Wengine humaliza kwa vikao viwili vitatu, wengine huhitaji zaidi.

Vikao vinavyofuata huwa vya kazi. Kwa mfano, kijana mwenye madeni, sapu mbili na usingizi mbovu anaweza kuombwa aorodheshe matatizo yake yote, achague moja linaloweza kuanza kufanyiwa kitu wiki hiyo, aamue hatua ndogo, kisha arudi kueleza ilivyokwenda. Mwenye hofu ya mtihani hufundishwa kutuliza pumzi na kuyapima mawazo yanayomwambia "lazima nitafeli". Aliyefiwa hupewa nafasi ya kulia na kumzungumzia marehemu, jambo ambalo hosteli haimpi.

Mnasihi hamwandikii mtu dawa. Akiona hali inahitaji daktari, humwandikia rufaa.

"Kuongea tu kunaweza kumponya mtu?"

Ni swali la haki, na jibu lake zuri limetoka kwa akina bibi wa Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mjini Harare mpango unaoitwa Friendship Bench, maana yake benchi la urafiki. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno, kwa hiyo akina bibi waliokuwa wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Hawakutumia maneno magumu ya kitaalamu. Walitumia neno la Kishona *kufungisisa*, linalomaanisha kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema "mawazo mengi".

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliokaa na akina bibi walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Zanzibar pia. Kwa hiyo mazungumzo yenye utaratibu, yanayoongozwa na mtu aliyefundishwa, ni tiba.

Angalia pia walichofanya bibi hao na ambacho sisi wazazi hutushinda: walisikiliza kwanza, wakaacha mgonjwa mwenyewe achague hatua ya kuanza nayo.

Siri: kwa nini hutaambiwa yote

Hapa wazazi wengi hukasirika. "Mimi ndiye ninayelipa, nimemzaa mimi, iweje nisiambiwe?" Kwa sheria za Tanzania, aliyefikisha miaka 18 ni mtu mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mnasihi hawezi kukueleza aliyoyasikia bila ruhusa ya mwanao. Hapeleki pia maelezo hayo kwa wahadhiri, na ushauri nasaha hauandikwi kwenye matokeo ya masomo. Siri huvunjwa pale uhai wa kijana au wa mtu mwingine unapokuwa hatarini, au sheria inapolazimisha.

Ukifikiri kwa utulivu, utaona siri hiyo inakulinda na wewe. Kijana angejua kwamba kila neno litafika nyumbani, asingeingia kwenye ofisi ile. Angebaki na lake rohoni, na wewe ungebaki na "naendelea vizuri".

Kuna mlango ambao wazazi wengi hawaujui. Siri inamzuia mnasihi kukuambia, lakini haimzuii kukusikiliza. Ukiwa na wasiwasi unaweza kupiga simu ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi na kusema: "Mwanangu anaishi hosteli fulani. Wiki tatu hizi amebadilika hivi na hivi. Naomba mtu amwangalie." Huenda usirudishiwe jibu, lakini taarifa yako itakuwa imefika.

Ikihitajika hospitali na dawa

Sonona au wasiwasi mkubwa unaweza kuhitaji dawa pamoja na mazungumzo. Mambo ya kujua:

- Dawa za sonona hazifanyi kazi siku ileile. Huchukua wiki mbili hadi sita kuleta nafuu inayoonekana, ingawa madhara madogo kama kichefuchefu yanaweza kutangulia. Hapo ndipo wengi huacha.
- Dawa za sonona hazimfanyi mtu kuwa teja. Lakini zisikatishwe ghafla. Daktari ndiye anayepunguza.
- Kijana akipata nafuu, huendelea na dawa kwa miezi kadhaa, mara nyingi zaidi ya sita, ili ugonjwa usirudi.
- Kwa walio chini ya miaka 25, wiki za kwanza zinahitaji uangalizi wa karibu. Baadhi yao mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka mwanzoni. Mtu awe anamwona kila siku, na mabadiliko yoyote daktari aelezwe haraka.
- Asichanganye dawa na pombe au bangi.

Huduma za magonjwa ya akili zinapatikana Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe jijini Dodoma, KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza, Kidongo Chekundu huko Unguja, na katika hospitali za rufaa za mikoa. Mwanafunzi aende na kadi ya bima ya afya kama anayo, na barua ya rufaa kutoka zahanati ya chuo.

Namna ya kuzungumza naye kwenye simu

Anza kwa kuuliza: "Uko peke yako? Unaweza kutoka nje kidogo tuongee?" Sentensi hiyo tu inaweza kubadilisha majibu yote.

Kisha sema ulichokiona, bila kumhukumu: "Mwanangu, nimesikia sauti yako wiki hizi imebadilika. Sikupigii kukugombeza. Nataka kujua unalalaje." Swali la usingizi na chakula ni rahisi kujibiwa kuliko "una tatizo gani?"

Akianza kusema, nyamaza. Usimkatize kwa mahubiri wala kwa habari za mtoto wa jirani. Akimaliza, mwambie: "Asante kwa kuniambia. Tutalibeba pamoja." Halafu muulize yeye angependa nini kifanyike kwanza.

Haya yanafunga mdomo wa kijana, hata tukiyasema kwa mapenzi:

- "Unajua tumeuza shamba kwa ajili yako?" Anajua. Ndiyo maana ananyamaza.
- "Wenzako wanataka hiyo nafasi hawaipati."
- "Hizo ni mawazo tu, omba Mungu yataisha." Kuomba ni kwema, lakini sentensi hiyo inamwambia asilizungumze tena.
- "Usije ukamwambia mtu, tutaaibika."
- "Sisi zamani tulisoma kwa kibatari na hatukuugua."

Kama hawezi kukuambia wewe, usione wivu. Watoto wengi husema kwa mama mdogo, kwa shangazi, kwa bibi au kwa kaka mkubwa. Mchague mmoja anayempenda, umwombe awe karibu naye, na usimbane huyo ndugu akuletee kila neno.

Baada ya hapo mwelekeze kwa mnasihi kwa maneno mepesi: "Hapo chuoni kuna watu wamesomea mambo haya. Nenda ukawaone mara moja tu. Sitakuuliza mlichoongea." Na kweli, usimuulize. Muulize kama amekwenda na kama amepangiwa kurudi.

Akifeli, au akihitaji kusimama masomo

Hofu kubwa inayowafanya vijana wafiche ni hii. Kuna wanaodisko na kuendelea kukaa karibu na chuo, wakipokea fedha za nyumbani na kuwaambia wazazi wanasoma. Mwisho wake huwa siku ya mahafali, wazazi wameshanunua kitenge na kuandaa sherehe. Kijana anayeishi na siri ya namna hiyo yuko katika hatari kubwa, na siku ukweli unapofichuka ndiyo ya hatari zaidi.

Usisubiri afeli ndipo umwambie maneno haya. Mwambie sasa, siku ya kawaida: "Ukifeli nitaumia, lakini bado ni mwanangu na hapa ni kwenu. Niambie mapema, wa kwanza kujua niwe mimi." Kisha siku akikuambia, timiza ahadi. Ukipiga kelele siku hiyo, wadogo zake nao wamekusikia.

Jua pia kwamba ugonjwa si lazima uishie kwenye kufeli. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha mtihani au masomo kwa sababu za kiafya. Mambo matatu ni muhimu:

1. Ombi liende mapema. Ombi lenye cheti cha daktari, lililopelekwa kabla ya mtihani, lina nguvu. Likipelekwa baada ya matokeo kutoka huwa gumu kukubaliwa.
2. Kila kitu kiwe kwa maandishi. Barua ya kuomba, cheti cha daktari na jibu la chuo vitunzwe. Atavihitaji siku ya kurudi.
3. Ofisi ya mikopo ya chuo ijue. Mwenye mkopo atoe taarifa ili kusiwe na utata wa malipo akirejea.

Mwaka mmoja wa kukaa nyumbani na kutibiwa ni mfupi. Majirani watauliza. Jibu "amepumzika kwa ushauri wa daktari" linatosha.

Mambo yakiwa ya hatari

Duniani kote, zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Ukihisi mwanao anafikiria hivyo, muulize waziwazi: "Je, umefikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampandikizia wazo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kufanya hivyo; mara nyingi humpa ahueni kwamba hatimaye kuna mtu anayelizungumza.

Akisema ndiyo, au anaaga watu, anagawa vitu vyake, ameandika ujumbe wa kuaga:

- Endelea kuzungumza naye kwa utulivu. Usimgombeze na usimwekee ahadi ya kutunza siri.
- Kwa simu nyingine, mpigie mtu aliye hosteli: mwenzake wa chumbani au mlezi wa hosteli. Asiachwe peke yake hata kwa muda mfupi.
- Wamwondolee vidonge, sumu za wadudu na chochote anachoweza kujidhuru nacho.
- Apelekwe zahanati ya chuo au hospitali iliyo karibu, usiku huohuo. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupokea simu bila malipo kwa ushauri.
- Panga ndugu aende chuoni. Kama huwezi wewe, aende aliye karibu.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inataja kujaribu kujiua kuwa kosa, na hilo huwafanya ndugu wafiche mgonjwa. Kuwa na mawazo ya kujiua si kosa. Na aliyekwisha kujidhuru ni mgonjwa wa dharura: apelekwe hospitali kwanza, mengine yafuate.

Haya yote yanawezekana tu kama una namba. Leo hii, kabla ya shida, muombe mwanao namba ya mwenzake mmoja wa chumbani, ya mlezi wa hosteli na ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Andika pia jina la hosteli na namba ya chumba. Mpe ndugu mwingine nakala.

Na wewe mlezi

Kumwangalia kijana mgonjwa kwa mbali kunachosha. Utakosa usingizi, utajilaumu, utashtuka kila simu inapolia. Mtafute mtu mmoja wa kusema naye: mume, dada, rafiki wa kikundi, mhudumu wa afya. Ukiona na wewe wiki mbili zimepita huli wala hulali, nenda kituo cha afya. Matibabu yaleyale ni yako pia.

Kumbuka

- Dalili za wiki mbili au zaidi zinahitaji mtaalamu. Kusikia sauti au kutaka kufa kunahitaji mtaalamu leo.
- Ushauri nasaha ni tiba, na mara nyingi chuoni ni bure.
- Mnasihi hatakuambia yote, lakini wewe unaweza kumpa taarifa.
- Ombi la kuahirisha masomo liende kabla ya mtihani, na cheti cha daktari.
- Pata namba tatu za hosteli wiki hii.
- Mwambie mwanao sasa kwamba akifeli au akiugua, nyumbani bado ni kwao.